Uliambiwa Wapi

Harufu ya mafuta ya mashine ikichanganyika na uzi wa sufu uliokaa sana kabatini, hiyo ndiyo harufu ya mama yangu. Ilinikuta mwezi uliopita nikiwa nimesimama juu ya stuli chumbani kwake, mtaani Kabiria, Nairobi, natafuta vitambaa vya kutandika makochi kabla watu wa kanisa hawajafika kutupa pole. Niliinua mfuko wa mabaki ya uzi, na chini yake kulikuwa na daftari. Jalada gumu jekundu, mgongo mweusi, pembe zimeliwa na mende. Ninyi mliosoma miaka yetu mnalijua, kaunta buku, lile ambalo mwalimu akilibeba kwapani mnanyamaza kabla hajafungua mlango. Nililitambua kabla sijaligusa. Nikashuka, nikakaa sakafuni nalo, na wageni walipoingia wakadhani ni kilio cha mama kimenishika upya. Kilikuwa hicho, na ilikuwa pia aibu niliyokuwa nayo tangu darasa la tatu.

Daftari hilo lilikuwa na mianzo miwili. Mama alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine. Ukilifungua kwa mbele unakuta watoto: jina, kifua, urefu, mkono, rangi ya mistari ya shingoni. Ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma unakuta watu wazima, kwa safu tatu alizozipiga kwa rula. Ya kwanza jina, ya pili sahihi. Ya tatu aliiandika juu yake, kwa mwandiko wake wa kulala: "Uliambiwa wapi".

Nianze na mahali tulipoambiwa sisi.

Baba alikuwa fundi wa vitanda Dagoretti Corner, mtu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya kanisa. Alishikwa na kifua siku ya Jumatano, akalazwa. Jumamosi asubuhi tukaenda kumwona, mama amebeba nguo safi, mimi nimebeba chupa ya uji. Kitandani pake alikuwa amelala mtu mwingine. Mama akadhani wamemhamisha wodi, akatoka kwenye korido, akamfuata mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea haraka na karatasi mkononi.

"Wa kitanda kumi na tisa?" mwanamke akauliza, bado anatembea. "Kwani hamkuambiwa? Huyo alituacha jana jioni. Pole mama. Endeni pale dirisha ya mwisho, vitu zake ziko hapo."

Hakuwa mtu mbaya. Nimemfikiria kwa miaka mingi na naamini alikuwa akifanya kazi ya watu watatu. Lakini alikwisha kupinda kona kabla maneno yake hayajamfikia mama vizuri. Mama aliteremka ukutani polepole mpaka akakaa sakafuni, nguo safi mapajani. Mimi nikasimama na chupa yangu. Watu wakapita. Kisha akaja mwanamume anayesukuma kitoroli cha chakula cha wagonjwa, kabeji na ugali, akasimama mbele ya miguu ya mama.

"Mama, pole, lakini usikae hapo. Unaziba njia."

Mama akainuka. Akamwambia, "Samahani."

Hicho ndicho kitu ambacho hakikumwisha. Si kifo chenyewe, maana kifo alikililia mpaka akakizoea kama watu wanavyozoea. Ni kwamba alipewa habari ile kwenye korido, kisha akaomba msamaha kwa kuipokea.

Mimi sikupelekwa mazishini. Shangazi zangu waliamua kwamba mtoto asione, wakaniacha kwa binamu ya mama kule Mountain View, ambako nililishwa chapati kila siku wiki nzima kana kwamba nimepasi mtihani. Niliporudi, koti la baba halikuwa tena kwenye msumari. Shangazi mkubwa alisema baba amepumzika. Mchungaji alisema ametutangulia. Mwalimu wa Jumapili alisema yuko mahali pazuri kuliko hapa, nikamkasirikia, kwa sababu mahali pazuri alipopapenda baba palikuwa karakana yake. Hakuna aliyeketi nami akaniambia kwa maneno ya kawaida kilichotokea, na mimi nilikuwa mtoto wa kutouliza.

Nilijua amekufa. Sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilichokuwa sijui ni kwamba kifo hakikatiwi rufaa.

Mwaka uliotangulia mwalimu wetu wa darasa, Bi. Nekesa, alikuwa amehamishwa ghafla. Watoto walilia, wazazi wakakasirika. Wakaandika barua, karatasi ikapita nyumba kwa nyumba, mama na baba wakatia sahihi pale mezani kwetu mbele ya macho yangu. Wiki mbili baadaye Bi. Nekesa alirudi, amevaa viatu vilevile vya kahawia. Mimi niliujua utaratibu wa dunia. Mtu akiondolewa bila haki, watu wanaandika majina, wakubwa wanasoma majina, mtu anarudishwa.

Kwa hiyo mama alipogeuza daftari lake la sweta na kuanza kupiga safu kwa rula, hakuna aliyehitaji kunieleza kitu.

Alikuwa amekwenda mjini na barua, kwenye ofisi moja ya afya, ghorofa ya nne. Aliomba jambo dogo, na alilirudia mara nyingi mpaka ninaweza kulisema usingizini: chumba kimoja katika kila hospitali kubwa, chenye mlango unaofungika, viti na maji ya kunywa, na mtu mmoja aliyefunzwa, ambaye kazi yake ni kukaa na waliofiwa wanapoambiwa, na kuwaambia watoto kama wapo. Afisa aliyempokea akamwambia alete majina mia tano, ili ionekane ni wananchi wanaosema na si mjane mmoja.

Hilo la chumba nililisikia. Nikalichukulia kuwa ni maneno ya wakubwa ya kuzungukia jambo, kama vile mtu anayekuja kukopa chumvi anaanza kwa kuuliza habari za watoto. Hakuna mtu mwenye akili angeingia taabu yote ile kwa sababu ya chumba.

Kila Jumamosi tulibeba meza ndogo aliyoitengeneza baba tukaiweka mbele ya duka la misumari la Bwana Singh, Dagoretti Corner, mahali baba alipokuwa akinunua gundi na skrubu. Bwana Singh ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikuja na kalamu yake mwenyewe, akaandika jina, akatia sahihi, halafu akaketi. Mama alikuwa bado hajapiga safu ya tatu. Ni yeye aliyeisababisha.

"Mimi niliambiwa hapa, kwa kaunta," alisema. "Wateja wamepanga laini. Simu inalia, nachukua, naambiwa mke wangu hayuko tena. Na mtu mbele yangu anauliza, 'Singh, iko inchi mbili?' Unajua mimi nilifanya nini, Mama Shiku? Nilimpimia."

Mama hakusema pole. Alimwuliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Na Bwana Singh akamwambia, akamwambia pia alivyopenda kuimba akipika, mpaka wateja wake wakaanza kujihudumia wenyewe.

Basi ikawa hivyo kwa kila mtu. Mtu anakuja kuandika jina, dakika moja, halafu anaketi nusu saa. Mama wa mboga aliambiwa getini na askari, kupitia tundu la lango. Mzee mmoja wa Riruta aliambiwa na jirani ya jirani, kwenye foleni ya maji. Msichana wa saluni alimkuta mtoto wake amefunikwa, hakuambiwa na yeyote. Mama aliandika mahali, akamwuliza kila mmoja jina la aliyeondoka, akasikiliza huku mikono yake ikifuma kofia ya mtoto kwa sindano, kwa sababu hakuweza kukaa bure. Wengine walirudi Jumamosi iliyofuata bila sababu yoyote. Wanaume wa karakana, ambao sikuwahi kuwaona wakinyamaza, walikuwa wakishusha sauti wakifika mezani petu.

Nami nilikuwa pembeni nikiwahesabu kwa hasira. Jumamosi nzima, watu tisa. Jumamosi nzima, kumi na wawili, na mmoja wao amelia mpaka akasahau kutia sahihi. Kwa mwendo huo baba angerudi nikiwa nimeolewa. Nilimwambia mama awe anawaambia watu waandike tu waende. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Shiku, haraka ya nini? Haraka haraka haina baraka." Ningemwambia haraka ya nini wakati ule, mambo yote yangekuwa mengine. Lakini nilidhani anajua. Nilidhani ni jambo letu sote wawili, ambalo halisemwi ili lisiharibike.

Basi nikaanza kumsaidia.

Jioni nikitoka shule, mama akiwa bado Kawangware akipeleka sweta, nililitoa daftari chini ya mashine. Nilihitaji majina na majina yalikuwa mle mle, upande wa mbele. Nilichukua la mtoto wa kwanza nikaliunganisha na la baba wa mtoto wa pili, na nilipochoka nikayanakili mengine yalivyo. Niliandika mengine kwa mkono wa kushoto, mengine kwa kalamu nyekundu, mengine yakiegemea nyuma kama ya daktari. Sahihi nilizizungusha nilivyoona wakubwa wakizungusha. Kwenye safu ya tatu niliandika "hospitali", wote, maana sikuwa na subira ya kuwabunia hadithi.

Mama alipoona kurasa zimejaa aliniuliza. Nikasema, "Walikuja ukiwa umetoka. Waliandika wakaenda."

Alishika kifua. "Watu wa Kabiria wana moyo," akasema, akaniletea soda ya machungwa kesho yake kwa kuwa nilikuwa nimewapokea wageni vizuri. Niliinywa. Mpaka leo siwezi kuinywa soda hiyo, na watoto wangu wanadhani ni mambo ya sukari.

La mwisho niliandika jina la baba. Ilionekana ni haki, kwani yeye ndiye mwenye shauri. Nililiandika kwa uangalifu kuliko mengine yote, kwa mkono wa kulia, nikaiiga sahihi yake kutoka kwenye ripoti yangu ya muhula wa kwanza. Kwenye safu ya tatu kalamu ilisita. Uliambiwa wapi. Sikujua kama baba alikuwa ameambiwa. Nikaacha wazi.

Majina yalipofika mia tano mama alivaa koti lake la harusi za watu, akanivalisha sweta mpya, tukaenda mjini. Alinichukua makusudi. Alitaka yule afisa aone kwamba mtoto naye alikuwepo kwenye ile korido. Mimi nilikuwa nimebeba mfuko wenye viatu vya baba, nimevificha chini ya sweta za mama za kuonyesha wateja, kwa sababu sikutaka atembee mjini bila viatu. Mama hakujua. Sikumwambia mtu habari ya viatu hivyo mpaka ninapoandika hapa.

Afisa alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa sauti. Alianza vizuri. Alisoma kurasa za kwanza polepole, akatikisa kichwa kwenye "kaunta", akatikisa kichwa kwenye "foleni ya maji". Alisema, "Hii ni kazi, mama. Hii imenigusa." Mama akanikamata mkono chini ya meza. Kisha akafika kwenye kurasa zangu. Nilimwona akirudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele, akarudi tena.

"Hawa wote waliambiwa hospitali?"

"Sijui," mama akasema. "Hao waliandika nikiwa nimetoka."

Akaligeuza daftari. Sijui ni nini kilimfanya aligeuze. Akafungua upande wa mbele, akaweka kidole kwenye jina, akaligeuza tena, akaweka kidole kingine.

"Brian Otieno," akasoma. "Kifua inchi ishirini na nne. Mama, huyu ni mtoto wa nursery." Hakuwa anacheka. Aliendelea kugeuza, na kila alipogeuza mkono wa mama ulikuwa ukilegea kwenye wangu. Halafu akafika mwisho, akalisoma jina la baba, akaangalia barua ya mama iliyokuwa kwenye faili, akalisoma tena.

"Na huyu si ndiye marehemu?"

Hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyeniambia. Nilimtazama mtu mkubwa kabisa wa ofisi, ghorofa ya nne, mtu wa mwisho wa kupelekewa majina, na nikaona usoni pake kwamba haikuwa imempitia akilini hata kidogo kwamba marehemu anaweza kurudishwa. Hakukuwa na mlango wa pili ambao baba angetokea. Nikaukumbatia ule mfuko.

Mama alinitazama mara moja tu. Kisha akamgeukia afisa.

"Ni mimi," akasema. "Nimeandika mimi. Nilichoka."

"Lakini, mama..." afisa akaanza.

"Nilichoka nikayaandika mwenyewe. Naomba msamaha."

Afisa alifunga daftari taratibu akamsogezea. "Sasa unaona vile umefanya? Hata hizi zingine za ukweli siwezi peleka mbele. Nikienda na hii kitabu kwa wakubwa watasema zote ni za kutunga. Na hao watu walikueleza mambo zao." Akasugua macho. "Nenda nyumbani, mama. Pumzika kwanza."

Kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, mama alisimama. Watu walikuwa wakipanda na kushuka, akanivuta ukutani tusizibe njia.

"Ni wewe?"

"Hapana," nikasema.

Alinitazama sana. Angeweza kunichapa, na ningeshukuru. "Sawa," akasema. "Twende."

Hakuuliza tena, siku ile wala miaka yote iliyofuata. Meza ilirudi nyumbani ikawekwa mashine juu yake. Jumamosi tulikuwa tukipita Dagoretti Corner haraka, upande wa pili wa barabara, kwa kuwa alimwonea haya Bwana Singh, naye Bwana Singh akadhani amemkosea. Nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikapata watoto. Mara nyingi nilijiambia nitamweleza: Sikukusudia kukuharibia, mama, nilikuwa namleta baba. Kila nikienda Kabiria nilikuta kuna wageni, au amechoka, au mimi nina haraka. Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja mwezi uliopita.

Mama alipooza upande mmoja Jumatatu, tukamlaza, si hospitali ile ya baba, nyingine, mpya, yenye vioo. Alhamisi saa sita mchana nilikuwa nimetoka kumnunulia maziwa ya mala, yale yaliyoganda. Daktari kijana alinikuta karibu na lifti. Aliniuliza kama mimi ni wa Mama Shiku, akasema amesikitika, wamejaribu, na simu yake ikaita, akainua kidole kuniomba radhi, akaondoka akiongea. Nilijiegemeza ukutani. Sikukaa sakafuni. Lakini mwanamke wa usafi alikuja na ndoo yake, akanigusa bega kwa upole.

"Dada, pole. Sogea kidogo tu, watu wapite."

"Samahani," nikasema.

Ndiyo sababu nilikaa na daftari lile sakafuni na wageni wakinitazama. Niliwaachia chai, nikaligeuza, nikafungua kwa nyuma.

Majina yangu yote ya uongo yalikuwa yamekatwa kwa mstari wa rula, moja moja. Hakukosea hata moja. Aliujua mwandiko wangu wa kulia na wa kushoto, mwekundu na wa bluu. Alikuwa amejua tangu ghorofa ya nne. Jina moja tu hakulipiga mstari, lile la mwisho, la baba. Kwenye safu ya tatu niliyoiacha wazi hakuwa ameandika kitu.

Chini yake majina yalikuwa yakiendelea. Kalamu tofauti, miaka tofauti, mengine kwa wino uliokwisha kufifia na mengine kama ya juzi. Majirani, akina mama waliokuja kupimisha sweta, watu nisiowajua. Kumbe hakuacha. Hakuwa na uso wa kurudi mjini, lakini aliyefiwa Kabiria akija kwake alimketisha kando ya mashine, akamwuliza jina la aliyeondoka, na akaandika. Getini. Kwa simu, ndani ya basi. Mochari, kwa kuonyeshwa tu. Kwenye ngazi. Bwana Singh alikuwemo mara ya pili, ameandika kwa mwandiko wa uzee habari ya kaka yake. Nilihesabu ya kweli peke yake, nikitoa yangu. Yalikuwa mia nne tisini na nane.

Nikatafuta langu. Niliandika majina mengi katika daftari lile, ya nusu ya shule, na sikuwahi kuandika la kwangu. Nikiwa mtoto niliona mtoto hahesabiwi. Naye mama hakuwahi kuniambia niandike. Nadhani alikuwa akingoja nimwombe kalamu, na kama ningemwomba tungeanza kuongea.

Niliinuka nikamwomba shemasi kalamu yake. Nikakaa mezani, meza ile ya baba, nikaandika jina langu kamili kwa mkono wa kulia, nikatia sahihi. Safu ya tatu haikunisumbua. Niliandika: korido. Kisha, kwa kuwa hata mara ile ya kwanza ilikuwa hivyo na hakuna aliyewahi kuniuliza, niliongeza: mara mbili.